Kati ya buloko mbili: maisha ya Ban Gu, mwandishi wa historia wa China

Mu mwaka wa 62 kisha kuzaliwa kwa Yesu, mashitaka moja yalifika mu muji wa Luoyang, kwenye mufalme wa China alikuwa anakaa. Mwenye aliyatuma alikuwa na neno moja la kuchongea: kule Anling, karibu na muji mukubwa wa zamani wa Chang'an, kuko mwanaume wa miaka 30 hivi, jina lake Ban Gu, mwenye anajifungia mu nyumba na kuandika historia ya inchi bila ruhusa ya mutu yeyote.

Leo mutu akiandika historia mu kaye yake, majirani watamucheka tu kwamba anapoteza wakati. Wakati ule haikuwa vile. Historia ya ufalme ilikuwa mali ya mufalme. Mwenye anaandika namna mababu wa mufalme walipata kiti, anaweza pia kuandika kwamba hawakustahili kukikalia. Tena kulikuwa mufano wa karibu sana. Mu jimbo lile lile la Ban Gu, mutu mwenye kuitwa Su Lang alishitakiwa kwamba anatunga unabii wa uongo. Walimutupa mu buloko, na akafia mule.

Basi amri ikatoka. Waaskari wakamukamata Ban Gu, wakamufunga, wakabeba na vitabu vyote vyenye walikuta kwao. Dosie ilikuwa tayari. Watu wa nyumba yake walijua namna mambo kama yale yanamalizikaka.

Wasomaji wetu, Ban Gu hakufa mara ile. Alikufa miaka 30 kisha pale, mu buloko ingine. Na katikati ya buloko ile ya kwanza na ile ya mwisho, aliandika kitabu kimoja chenye Wachina wanasoma mupaka leo, miaka karibu 2.000 imepita. Tufuate njia yake polepole, juu ina mafundisho kwa mutu yeyote mwenye anatumikia wakubwa na kalamu.

Nyumba yenye kujaa vitabu

Jamaa ya Ban haikuwa jamaa ya hivi hivi. Mbele ya Ban Gu kuzaliwa, ndugu moja wa babu yake, jina lake Ban You, alitumika ku nyumba ya mufalme, mu kazi ya kupanga vitabu vya siri vya ufalme. Mufalme alipendezwa naye, na akamupatia zawadi yenye kupita feza: nakala za vitabu vile. Tangu siku ile, watu wenye elimu walikuwa wanatoka mbali, wanafika kwa akina Ban kusoma.

Tusisahau kitabu kilikuwa nini wakati ule. Makaratasi yenye sisi tunajua hayakuwa bado mu biro za serikali. Towashi moja wa nyumba ya mufalme, Cai Lun, njo alionyesha mufalme namna nzuri ya kutengeneza karatasi mu mwaka wa 105, na Ban Gu alikuwa amekwisha kufa. Yeye na baba yake waliandika ku vipande vyembamba vya mianzi, vyenye kufungwa na kamba, kimoja pembeni ya kingine, ao ku kitambaa cha hariri chenye kilikuwa bei kali. Kamba ikikatika, maneno yanachanganyika. Nyumba ikiungua, kazi ya maisha nzima inakuwa majivu. Kuandika kitabu kikubwa ilikuwa kazi ya akili, lakini ilikuwa pia kazi ya mukono na ya mugongo.

Baba ya Ban Gu, muzee Ban Biao, alizaliwa mu mwaka wa 3 na alikulia mu wakati wa fujo. Mu mwaka wa 9, ministre moja, Wang Mang, alinyang'anya ufalme wa ukoo wa Han, wenye walikuwa wametawala miaka 200 na zaidi. Mu mwaka wa 23 Wang Mang akauawa, na vita ikaenea kila fasi. Mu mwaka wa 25 mutu moja wa ukoo ule ule wa Han akakamata tena kiti, akafanya Luoyang kuwa muji mukubwa. Ban Biao aliona vile vyote na macho yake. Alijiuliza: nani ataandika mambo haya mbele wazee wenye wanayajua wafe?

Kulikuwa tayari kitabu kikubwa cha historia, chenye mwandishi Sima Qian aliandika karibu miaka 100 mbele ya Yesu. Lakini kiliishia mu wakati wa Sima Qian mwenyewe. Ban Biao akaanza kuongeza sehemu zenye zilikosekana. Aliandika makumi ya sura. Mu mwaka wa 54 akafariki, kazi haijaisha.

Aliacha watoto watatu wenye majina yao yamebakia: Ban Gu, mudogo wake Ban Chao, kijana mwenye nguvu na mwenye kinywa, na binti mudogo, Ban Zhao. Ban Gu alikuwa mu masomo ya juu kule Luoyang. Watu wanasema alikuwa na miaka 9 tu wakati alianza kutunga maandishi. Aliacha masomo, akarudi kwao kuomboleza baba. Pale, kwa kupanga vitabu vya muzee, akaona kwamba kazi ile ni nzuri lakini inapunguka. Njo akaanza kuandika. Na njo vile mutu akaenda kumuchongea.

Mudogo wake anapanda farasi

Wakati yaya yake alifungwa, Ban Chao hakukaa kulia. Alijua hatari iko wapi. Kama wakubwa wa jimbo wanamuhoji Ban Gu vile walizoea kuhoji watu, na fimbo, hataweza kujieleza, na mwishoni atakubali kila kitu. Basi akapanda farasi, akakimbia mupaka Luoyang, akaandika barua kwa mufalme, na akafaulu kusimama mbele yake. Akaeleza: yaya yangu hatafuti kiti cha mutu. Anamaliza kazi ya baba yetu, na anasifu ukoo wa Han.

Wakati ule ule, wakubwa wa jimbo wakatuma vitabu vyenye walikamata. Mufalme Ming akasoma. Na akashangaa, juu mwenye alishitakiwa aliandika muzuri kupita wengi wenye walikuwa wanakula mushahara wake. Akaamuru wamutoe Ban Gu mu buloko, wamulete Luoyang, wamupatie kazi mu fasi yenye vitabu vya ufalme vilikuwa vinachungwa.

Muone vile dunia inageuka. Mutu mwenye alifungwa juu ya kuandika bila ruhusa, sasa analipwa juu ya kuandika. Mulango wa vitabu vya siri, wenye watu wengi wa elimu hawakuona hata siku moja, ulifunguka mbele yake.

Lakini kila mulango uko na bei yake. Kazi ya kwanza yenye alipewa ilikuwa kuandika, pamoja na wengine, historia ya mufalme mwenye alirudisha ukoo wa Han ku kiti. Mufalme ule alikuwa baba ya mufalme Ming. Wakati mutoto njo bosi wako, utaandika nini juu ya baba yake? Ban Gu aliandika vizuri na mufalme akafurahi. Kisha akaruhusiwa kuendelea na kitabu chake mwenyewe. Mbele ya pale alikuwa anaandika mu nyumba ya baba yake. Sasa alikuwa anaandika mu nyumba ya mufalme.

Feza nayo haikuwa nyingi. Mama yao na Ban Chao walimufuata Luoyang, na maisha yalikuwa magumu. Ban Chao alikuwa anakopi barua za biro ya serikali ili mama apate chakula. Siku moja alichoka, akatupa kalamu chini, akasema kwamba mwanaume anapaswa kutafuta jina lake mu inchi za mbali, hapana kuzeeka na kalamu mu mukono. Wenzake wa biro wakamucheka. Mu mwaka wa 73 akaenda upande wa mangaribi, mu njia zenye biashara ya hariri ilikuwa inapita. Kazi yake ya kwanza ya kujulikana aliifanya na watu 36 tu. Alikaa kule miaka 31. Leo watoto wa shule wa China wanajua jina lake.

Kitabu chenye kilihesabu inchi nzima

Ban Gu yeye hakutupa kalamu. Aliandika miaka 20 na zaidi. Kitabu chake kinaitwa Hanshu, maana yake Kitabu cha Han. Kiko na sura 100: sura 12 juu ya wafalme, majedwali 8, sehemu 10 za mambo ya inchi, na 70 juu ya maisha ya watu na ya mataifa. Kinaanza mu mwaka wa 206 mbele ya Yesu, wakati ukoo wa Han ulianza kutawala, na kinaishia mu mwaka wa 23, wakati Wang Mang aliuawa.

Hapa njo Ban Gu alifanya kitu kipya. Sima Qian aliandika historia tangu zamani za zamani mupaka siku zake. Ban Gu yeye alikamata wakati moja tu, utawala moja, akaufunga kama muzigo: mwanzo huu, mwisho huu. Kisha yeye, waandishi wa serikali ya China walifuata namna ile ile kwa muda wa karne na karne. Utawala moja ukianguka, wenye kufuata wanaandika kitabu chake.

Lakini kama unataka kujua akili ya Ban Gu, usiende kwanza ku sura za wafalme. Enda ku zile sehemu 10. Mule njo alihesabu.

Alihesabu watu. Aliandika kwamba mu mwaka wa 2, mu ufalme wa Han kulikuwa nyumba 12.233.062 na watu 59.594.978. Alitaja majimbo 103 na wilaya zaidi ya 1.300, moja kwa moja. Hii ni moja ya hesabu za watu za zamani sana zenye dunia ingali nazo. Wenye kujifunza mambo ya zamani wanabishana juu yake, lakini wote wanaanzia pale. Sisi wenye tunajua vile inaomba nguvu kuhesabu watu mu inchi kubwa, tunaweza kuelewa jambo lile lilikuwa na uzito gani.

Alihesabu vitabu. Akifuata kazi ya wapangaji wa mbele yake, Liu Xiang na mutoto wake Liu Xin, alifanya liste ya vitabu vyote vyenye vilikuwa mu nyumba ya mufalme: waandishi 596, na mizigo ya vitabu 13.269. Vingi kati ya vitabu vile vimepotea kabisa. Moto, vita, unyevu na wadudu wamevila. Leo tunajua kwamba vilikuwako juu Ban Gu aliandika majina yao. Wazee wetu wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya China ilipotea, lakini daftari ikabakia, na habari ikabakia.

Alihesabu pia mabuloko. Mu sehemu juu ya sheria, aliandika kwamba mu inchi kulikuwa mabuloko zaidi ya 2.000, na kwamba watu wenye wanakufa kwa azabu kila mwaka ni makumi ya maelfu. Akauliza: juu ya nini ni wengi hivi? Na akajibu mwenyewe: mafundisho mema hayafuatwi, sheria hazieleweke, watu ni maskini, wenye nguvu wanatafuta faida yao tu, na hukumu hazilingane. Hii haikuandikwa na mutu mwenye alisikia tu habari za buloko. Iliandikwa na mutu mwenye alilala mule, mwenye alijua kwamba bila farasi wa mudogo wake, angekuwa moja wa wale makumi ya maelfu.

Hatia ya mwenzake

Kati ya sura 70 za maisha ya watu, moja ni ya Sima Qian, mukubwa wake mu kazi. Kisa chake kilijulikana. Sima Qian alisema neno la kutetea jenerali Li Ling, mwenye alishindwa ku vita na akajitoa kwa adui. Mufalme akakasirika, akamuhukumu. Azabu ilikuwa kuhasiwa. Watu wengi wa cheo chake walikuwa wanachagua kujiua kuliko kubeba haya ile. Sima Qian alichagua kuishi, ili amalize kitabu chake.

Ban Gu alimusifu juu ya elimu yake. Alisema pia kwamba hakupamba mabaya ya watu. Lakini akaongeza neno moja la huzuni na la lawama: mutu mwenye kujua mambo mengi vile, namna gani akili yake haikumusaidia kujikinga na azabu kubwa vile?

Tukumbuke neno lile. Litarudi.

Karibu na moto

Miaka ilipita. Wafalme walibadilika. Ban Gu alijulikana kwa kitabu chake na kwa mashairi yake makubwa juu ya Chang'an na Luoyang. Mu mwaka wa 79, wakati wenye elimu walikusanyika mbele ya mufalme Zhang ili kupatanisha maana ya vitabu vitakatifu vya zamani, yeye njo alipewa kazi ya kuandika maneno ya mukutano. Lakini cheo hakikupanda. Alilalamika kwamba yeye na baba yake, vizazi viwili vya akili, wamebakia mu vyeo vya chini tu. Walimupandisha kidogo, akawa mukubwa wa walinzi wa mulango moja wa nyumba ya mufalme. Kwa mutu mwenye alijua kwamba kitabu chake kitaishi kuliko wafalme, ilikuwa kidogo.

Njo pale Dou Xian akatokea.

Dou Xian alikuwa kaka ya malkia. Wakati mufalme Zhang alifariki mu mwaka wa 88, mufalme mupya, He, alikuwa mutoto tu, na malkia akatawala kwa fasi yake. Jamaa ya Dou ikashika kila kitu. Dou Xian alikuwa mwenye hasira na asiyeogopa damu. Aliuwa hata mutu moja wa ukoo wa mufalme, kwa siri, na jambo likajulikana. Ili kujiponyesha, akaomba wamutume kupigana na Waxiongnu, wafugaji wa farasi wa kaskazini wenye walikuwa wanasumbua China tangu zamani.

Mu mwaka wa 89 akaenda na jeshi. Ban Gu, mwenye karibu miaka 60, akaenda naye kama mushauri. Walishinda vibaya sana. Makabila mengi yakajitoa, zaidi ya watu 200.000. Dou Xian akapanda mulima wenye waliita Yanran, mbali sana na mupaka wa China, na akaomba Ban Gu aandike maneno ya sifa. Wakayachonga ku jiwe la mulima: jeshi lilivuka wapi, lilishinda nani, heshima ya Han ilifika mupaka wapi. Jina la Dou Xian likawekwa pale ili lisife.

Ni maneno mazuri. Ni maneno pia ya mutu mwenye anamusifu muuaji juu ameshinda vita. Ban Gu, mwenye aliandika kwamba wenye nguvu wanatafuta faida yao tu, sasa alikula ku meza yao.

Hata watu wa nyumba yake walilewa nguvu ile. Watoto wake walikuwa hawafuate sheria, na watumishi wa serikali walikuwa wanateseka nao. Siku moja mutumwa wa Ban Gu, mwenye kulewa pombe, alikuta barabarani gari ya meya wa Luoyang, Chong Jing. Walinzi wakamufukuza atoke mu njia. Mulevi akawatukana. Meya akawaka na hasira. Lakini aliogopa Dou Xian, na akameza mate. Hakusahau.

Buloko ya pili

Mu mwaka wa 92 mufalme He, mwenye alikuwa kijana wa miaka 13 tu, alichoka kutawaliwa na jamaa ya mama. Kwa siri, na musaada wa towashi Zheng Zhong, akafunga milango ya muji, akakamata watu wa Dou. Dou Xian alitumwa ku shamba lake na akalazimishwa kujiua. Wote wenye walikuwa karibu naye wakaanza kuanguka. Ban Gu akafukuzwa ku kazi.

Angeweza kubakia mu nyumba yake na kuzeeka. Lakini meya Chong Jing aliona kwamba saa yake imefika. Wakati walikuwa wanakamata marafiki wa Dou, akamukamata na Ban Gu. Hakukuwa tena na farasi wa kukimbia. Ban Chao alikuwa mbali sana, mu inchi za mangaribi. Ban Gu alikufa mu buloko. Kwa hesabu ya Wachina alikuwa na miaka 61.

Mufalme kisha alimukaripia Chong Jing, na mutumishi mwenye alibeba kosa akapewa azabu. Lakini mwenye kufa hakurudi. Na kitabu, chenye kilianza mu mikono ya muzee Ban Biao zaidi ya miaka 40 mbele, kilikuwa hakijaisha. Majedwali 8 na sehemu ya mambo ya nyota vilikuwa bado.

Dada anashika kalamu

Nani angemaliza? Mufalme He hakuita waandishi wake wa biro. Alimuita mwanamuke: Ban Zhao, dada ya marehemu.

Ban Zhao aliolewa na miaka 14, na akakuwa mujane mapema. Alikuwa amesoma vitabu vile vile vya jamaa. Mufalme akamuamuru aingie mu nyumba ya vitabu ya ufalme na amalize kazi ya yaya yake. Majedwali yakaandikwa. Kwa mambo ya nyota, mwanaume moja wa elimu, Ma Xu, akasaidia. Kisha kukatokea shida ingine: kitabu kilikuwa kigumu na wasomaji wengi hawakukielewa. Basi Ma Rong, ndugu ya Ma Xu, mwenye kisha alikuwa mwalimu mukubwa sana mu China, alikaa chini ku nyumba ya vitabu, akafundishwa kusoma kitabu kile na Ban Zhao. Mwanaume wa elimu, kupiga magoti mbele ya mwanamuke ili amufundishe: haikuwa jambo la kila siku mu China ile.

Ban Zhao alifundisha pia malkia Deng na wanawake wa nyumba ya mufalme. Aliandika kitabu kidogo cha mashauri kwa binti zake, chenye kinawaomba wawe wanyenyekevu mbele ya wanaume. Wasomaji wa leo wanabishana naye sana, na wako na haki. Lakini mu kitabu kile kile aliuliza juu ya nini watu wanafundisha vijana wanaume kusoma na wanawaacha mabinti. Swali lile halijazeeka.

Yeye tena njo aliandika kwa mufalme ili Ban Chao, mwenye alikuwa muzee na mugonjwa, aruhusiwe kurudi kwao. Ban Chao alifika Luoyang mu mwaka wa 102. Mwezi moja hivi kisha pale akafariki. Alikufia mu inchi yake.

Jiwe linapatikana

Kwa muda wa miaka zaidi ya 1.900, maneno ya Ban Gu ku mulima Yanran yalijulikana mu vitabu tu. Mulima wenyewe uko wapi, watu walikuwa wanakisia. Mu mwaka wa 2017, wenye elimu wa Mongolia na wa China walijifunza maandishi fulani ya zamani ku mwamba, mu eneo la Gobi, inchi ya Mongolia. Walilinganisha alama kwa alama na vitabu. Ilikuwa yenyewe. Mvua na upepo zilikula sehemu moja, lakini zaidi ya alama 200 zingali zinasomeka.

Ajabu ni hii. Jiwe lilichongwa ili Dou Xian asisahauliwe. Lakini watu wenye walifurahi siku ile hawakusema kwamba wamepata jiwe la Dou Xian. Walisema wamepata maneno ya Ban Gu.

Ile lawama yenye tuliomba mukumbuke sasa inarudi. Karibu mambo yote yenye tunajua juu ya maisha ya Ban Gu yanatoka kwa mwandishi mwingine, Fan Ye, mwenye aliishi mu karne ya 5 na kuandika Kitabu cha Han ya Nyuma. Kisha kueleza kifo cha Ban Gu, Fan Ye anasema: mutu huyu alimusikitikia Sima Qian kwamba akili yake haikumuponyesha, na yeye mwenyewe akaanguka mu shimo lile lile. Nyani haioni kundu lake. Na Fan Ye? Mu mwaka wa 445 alishitakiwa kwamba aliingia mu shauri la kumupindua mufalme, na akauawa. Kitabu chake nacho kilibakia bila kuisha.

Watu watatu, vitabu vitatu. Kila moja aliona wazi kosa la mwenye alimutangulia, na hakuona lake. Mutu anaweza kujua historia yote ya dunia na bado asijue ni wakati gani atoke ku meza ya mukubwa.

Lakini tusimalizie pale, juu Ban Gu hakuwa peke yake. Baba alianza. Mudogo alikimbiza farasi. Dada alimaliza, na akafundisha wengine kusoma. Bila mumoja wao, hakungekuwa kitabu. Na yule meya, mwenye alifikiri kwamba amelipiza kisasi chake? Tunajua jina lake leo juu ya jambo moja tu: kwamba alimufunga Ban Gu.